Fimbo ya Kusikilizia

Wiki ya kwanza nilitoa kopi.
Wiki ya pili nilitoa kopi, nikajua
karani gani hanywi chai ya rangi
na droo ipi ya masijala hufunguka kwa teke.
Barua yangu ya chuo, yenye mhuri wa zambarau,
ilikaa mezani kwa afisa utumishi
ikiwa kisahani cha kikombe.

Wiki ya tatu Fundi Eliamini akaniuliza,
"Wewe wa fildi, una viatu vya matope?"
Sikuwa navyo. Akanipa vya marehemu Mchome,
namba tisa. Nikashindilia magazeti kwenye ncha.

Tulitoka saa nane usiku.
Maji yanayovuja, alisema, hayasikiki mchana,
mchana kila mtu Moshi ana la kusema.
Pasua imelala. Majengo imelala.
Mbwa wa stoo ya mbao ametubwekea mpaka amechoka,
na mlima haupo, umejifunika,
ila baridi yake imeteremka hadi shingoni mwangu.

Chuoni nilipata A ya haidroliki.
Kanuni ya msuguano ndani ya bomba
naweza kuiandika gizani.
Gizani ndiko tulikokuwa
na hakuna aliyeniuliza kanuni.
Alinipa fimbo: chuma chembamba, kimo cha kifua changu,
kichwani kimechomelewa kopo la dawa ya viatu.
"Ncha kwenye valvu. Sikio hapa. Funga mdomo."

Nilisikia moyo wangu.
"Huo si wa mamlaka ya maji," akasema. "Subiri upite."

Usiku wa nne nikasikia shhh, ndefu,
kama mtu anayembembeleza mtoto nyuma ya ukuta.
Nikachora msalaba wa chaki barabarani,
mkono ukitetemeka kwa furaha.
Asubuhi vijana wakachimba. Mita moja. Moja na nusu.
Udongo mkavu kama unga wa muhogo.
Waendesha bodaboda wakaja kutazama,
mmoja akauliza kama tunatafuta mali ya Mjerumani.

Ilikuwa friji.
Friji ya bucha ya Masao, ikinguruma ukutani,
na mngurumo ukapanda bomba letu
kama abiria asiye na tiketi.

Nilingoja matusi. Eliamini akashika koleo,
akanipa la pili, tukafukia,
tukakanyaga udongo, mimi na viatu vya Mchome.
Kisha akanipeleka buchani, akaomba ruhusa,
akaniwekesha sikio kwenye ubavu wa friji ile
hadi Masao akaacha kukata mbavu, akacheka,
hadi nikaujua mwendo wake:
inaguna, inapumzika, inaguna.
"Maji hayapumziki," alisema.
Huo ndio ulikuwa mhadhara wote.

Dokta Shekiondo alikuja kunikagua dakika kumi na mbili,
gari likiunguruma nje. Akafungua kitabu changu.
*Jumanne: tumechimba. Jumatano: tumefukia.*
"Na hapa umejifunza nini?"
Kalamu yake ilikuwa juu ya kisanduku cha alama.
Nikatafuta neno la kisomi, nikakosa.
"Kusikiliza friji," nikasema.
Akaandika kumi na tatu kati ya ishirini.

Sasa ni Machi. Nimekaa mbele ya watu watatu
na jagi la maji, ghorofa ya pili, mtaa wa Rengua.
Nafasi moja, tumeomba mia mbili na kumi.
Wa katikati anauliza nina uzoefu wa miaka mingapi.
Nasema wiki nane.
Anaandika. Wa kushoto anapiga miayo.
Na nyuma yao, ndani ya ukuta uliopakwa rangi juzi,
kuna kitu kinasema shhh
na hakipumziki.
Nasubiri moyo wangu upite.
Kisha naomba radhi, nanyanyuka,
nazunguka meza yao,
naweka sikio.